Gari la Umeme: la Nani, na kwa Faida ya Nani?



Msafiri anayetoka mjini kwa daladala nambari 502 kwenda Bububu hupita hapa kwetu Mtoni bila kugeuza shingo. Ana udhuru wake: amebanwa, amepakata kapu la jirani, na konda anamdai nauli. Lakini lau angegeuka, angeona mahali ambapo karibu historia nzima ya usafiri wa kisiwa hiki imepita. Pwani yapo magofu ya kasri la Sayyid Said, ambako watu walifika kwa mashua na kwa punda. Kandokando ya njia hii ilipita reli ya treni. Na hapa hapa Mtoni ndipo unapopokelewa umeme unaokuja kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Jambo hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa kuwa siku hizi tunaambiwa kwamba magari ya kesho hayatatumia petroli wala dizeli, bali umeme.

Mimi ni padri, si fundi wa magari, na Tume yetu ya Haki na Amani haikuundwa ili ipime injini. Hata hivyo, chombo cha usafiri ndicho kinachoamua nani atafika spitali kabla ya kujifungua, mtoto wa nani atawahi skuli, na muhogo wa nani utaozea shambani. Hayo ni mambo ya haki, na anayetuambia kwamba tuwaachie wataalamu peke yao anatutaka tunyamaze juu ya maisha yetu wenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya. Mwaka 1879 alijenga njia ya reli kutoka kasri lake la mjini hadi kasri lake la Chukwani. Mwanzoni mabehewa mawili yalikokotwa na nyumbu, kisha ikaletwa injini ya mvuke. Kwa wakati ule ilikuwa ni ajabu kubwa katika Afrika ya Mashariki. Lakini tazama ilikotoka na ilikokwenda: kutoka kasri hadi kasri. Sultani alipofariki, treni nayo ikafa, kwa kuwa haikuwa na mwenyewe mwingine. Barghash huyo huyo alileta mjini maji safi kwa mfereji kutoka chemchemi za upande wa kaskazini, na maji yale wakayanywa watumwa, mabaharia, wachuuzi na mabwana. Kazi ile ya maji ilidumu muda mrefu baada ya aliyeianzisha kulazwa kaburini. Mtawala alikuwa mmoja, hazina ilikuwa moja, na vyombo vyote viwili vilikuwa vipya. Kilichotofautiana ni nani aliyewekwa mbele wakati wa kupanga.

Kisha ikaja treni ya pili. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ilijenga reli ya maili saba hivi kutoka Ngome Kongwe, kupitia vichochoro vya Malindi, hadi Bububu, nayo ikaanza kazi mwaka 1905. Wazee wengine husema jina la Bububu limetokana na mlio wa treni ile. Wengine husema ni mlio wa chemchemi, na mimi siwaamulii. Treni hii ilikuwa na manufaa zaidi kuliko ile ya Sultani, maana ilichukua wakulima na matunda yao. Hata hivyo palitengwa behewa maalumu la daraja la kwanza kwa ajili ya abiria wa meli zilizotia nanga bandarini, ili wakionje kisiwa kwa saa chache kisha warudi melini. Serikali ya wakati ule iliinunua reli mwaka 1911. Barabara zilipotengenezwa na magari ya moshi kuzidi, abiria walikatiwa huduma mwaka 1922. Vyuma viling'olewa baadaye. Nimewauliza wazee kadhaa wa huku kwetu waliokuwa makuli na mafundi wa reli ile walikwenda wapi ilipofungwa. Sijampata hata mmoja wa kunijibu.

Hilo behewa la daraja la kwanza ndilo ninalolikumbuka kila nisikiapo habari za magari ya umeme katika Unguja. Huzungumzwa juu ya magari ya kuwachukua wageni uwanja wa ndege na kuwafikisha mahotelini bila moshi, juu ya baiskeli za betri za kutembezea watalii ufukweni, juu ya magari madogo ya kupita Mji Mkongwe bila kelele. Yote ni mema. Lakini mama wa Makunduchi, mwanafunzi wa Donge na mchuuzi wa samaki wa Nungwi hawamo katika picha hizo. Au wakiwamo, wamo kama watu wa kupigwa picha pembeni mwa gari.

Sitaki nihesabiwe miongoni mwa wanaolaani kila kilicho kipya. Kwa kweli ni vigumu kukitaja kisiwa kinachofaa kwa mabasi ya umeme kuliko hiki chetu. Unguja, toka Nungwi hadi Makunduchi, haifiki kilomita mia moja. Basi la umeme la kisasa huenda zaidi ya kilomita mia mbili kwa kuchajiwa mara moja, kwa hiyo linaweza kuzunguka mchana kutwa na kurudi mjini likiwa bado na nguvu. Halina milima ya kupanda. Injini yake ina vipuri vichache vinavyosuguana, hivyo fundi haitwi kila wiki. Dizeli, kinyume chake, inaletwa kwa meli, tena kwa fedha za kigeni, na bei yake hubadilika kwa sababu ya vita ambavyo hatukuvianzisha. Nani kati yetu hajasimama pale Darajani akivuta moshi mweusi wa gari kuukuu hadi kifua kikamwasha?

Wala si ndoto za mbali. Upande wa Bara, treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Nairobi mabasi ya umeme yanabeba abiria wa kawaida tangu 2022. Rwanda pikipiki za betri zimekuwa zikichukua abiria mitaani tangu 2019, na kuanzia 2025 pikipiki mpya ya biashara jijini Kigali haiandikishwi isipokuwa ni ya umeme. Ethiopia nayo ilitangaza mwaka 2024 kwamba haitaruhusu tena kuingizwa kwa magari madogo ya petroli na dizeli. Majirani wameanza, na wamekwisha kujifunza kwa mafanikio na kwa makosa. Sisi tunayo bahati ya kuja nyuma yao, ambayo ni bahati kwa mtu anayetazama tu.

Basi tutazame. La kwanza ni umeme wenyewe.

Kebo ya kwanza kutoka Bara ililazwa mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, na kutoka hapo nguzo zikauleta umeme hadi Mtoni. Ilikuwa na uwezo wa megawati 45. Watu wakaongezeka, mahoteli yakaongezeka, viyoyozi vikaongezeka, na kebo ikabaki ile ile. Mwezi Mei 2008 kisiwa kikaingia gizani kwa muda wa wiki nne hivi. Tulidhani tumefundishika. Tarehe 10 Desemba 2009 giza likaingia tena, na safari hii likakaa miezi mitatu, hadi Machi 2010.

Nilikuwa frateri wakati huo, nikaja likizo ya Noeli. Misa ya usiku tuliifanya kwa mishumaa, na jirani yetu Mwislamu akatuazima karabai yake, akasimama nje akiipiga pampu kila ilipofifia, maana alisema sisi hatukuijua tabia yake. Hayo ni ya kukumbukwa kwa furaha. Yasiyo ya furaha ni haya: pampu za maji zilisimama, na akina mama waliamka saa tisa za usiku kwenda kupanga ndoo kisimani. Samaki waliooza walitupwa. Vinyozi, washoni na wachomelea vyuma walikaa barazani mikono mitupu. Mahoteli makubwa yalikuwa na majenereta yao, yakaunguruma usiku kucha kando ya vijiji vilivyokuwa kimya. Lakini daladala zilikwenda! Mgonjwa alifikishwa Mnazi Mmoja, kwa sababu dizeli haikutegemea kebo.

Kebo mpya ya megawati 100, iliyogharimiwa na Marekani kwa njia ya Shirika la Changamoto za Milenia, ilianza kazi mwaka 2013, na kwa hilo tunashukuru. Lakini mwezi Machi 2017, TANESCO, kwa agizo la Rais Magufuli la kuwakatia umeme wadaiwa wote sugu, ililipa Shirika la Umeme Zanzibar notisi ya siku kumi na nne kwa deni la zaidi ya shilingi bilioni 120. Sikusudii kuamua hapa nani alikuwa na haki katika hesabu zile. Wakubwa walikaa, wakazungumza, na taa hazikuzimwa. Ninachosema ni hiki: tukihamishia kwenye waya huo huo daladala zote, magari ya wagonjwa yote na boti za wavuvi, basi hitilafu moja ya kebo, au ugomvi mmoja wa madeni, utaweza kukisimamisha kisiwa hata miguu yake. Anayetaka kutuletea basi la umeme atuonyeshe kwanza umeme wa akiba uko wapi. Jua tunalo la kutosha, na paa za skuli, masoko na vituo vya mabasi ziko tupu. Karakana ya mabasi yenye sola juu yake na betri za akiba chini yake inaweza kuchaji hata siku ya giza. Karakana ya namna hiyo ingekuwa ndiyo ukurasa wa kwanza wa mpango wowote. Ikiwa ni kiambatisho cha mwisho, mpango ule ni wa mchezo.

La pili ni gumu zaidi, nalo ni juu ya mtu anayeshika usukani.

Dereva mmoja wa njia yetu, mzee kuniliko mimi kwa miaka mingi, alinieleza mahesabu yake siku nilipopanda kiti cha mbele. Gari si lake. Kila jioni humpelekea mwenye gari hesabu iliyokwisha kukubaliwa, iwe abiria walikuwapo au hawakuwapo. Kabla ya hesabu hutoka mafuta. Baada ya hesabu hutoka cha konda, kisha tairi, kisha faini ikiwapo. Kinachobaki ndicho cha nyumbani, na kuna siku, akaniambia, “Padri, hubaki harufu ya dizeli kwenye shati tu.” Nikamwuliza juu ya magari ya umeme. Akafikiri, kisha akauliza swali ambalo sijalisikia likiulizwa kwenye semina yoyote: “Hilo betri, litakuwa la nani?”

Swali la mzee huyu linapiga palepale. Betri ndicho kitu cha gharama kubwa kuliko vyote katika basi la umeme. Kwa sababu hiyo, huko Nairobi na Kigali umezuka utaratibu wa kumwuzia mtu chombo bila betri, au kumkodisha. Betri hubaki mali ya kampuni, na mwendeshaji hulipa kwa kila kilomita au kila anapobadilisha betri iliyokwisha kwa iliyojaa. Utaratibu huu una wema wake: mtu maskini hahitaji kutafuta mamilioni ya kununulia betri, wala haumii betri ikichoka kabla ya wakati. Lakini una mlango wa nyuma. Vyombo vingi vya mkopo siku hizi hufungwa kifaa cha kuvifuatilia kwa setilaiti, na mkopeshaji aweza kukizima chombo akiwa ofisini kwake, mbali kabisa, kwa kubonyeza kitufe, deni likichelewa. Zamani mwenye gari aliyedhulumiwa hesabu alikuja na watoto wake kulichukua gari, na majirani wakasikia, na sheha akaitwa, na maneno yakasemwa. Sasa hapatasemwa neno. Gari litanyamaza tu, na dereva hatakuwa na mtu wa kumwambia kwamba juzi alikuwa na msiba.

Tulikwisha kuona kivuli cha jambo hili katika teksi za kuitwa kwa simu. Uber ilipoingia Dar es Salaam mwaka 2016 watu walishangilia bei nafuu. Baadaye madereva wakalalamika kwamba kampuni inakata sehemu kubwa mno ya nauli. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri wa nchi kavu huko Bara, LATRA, ikaweka kikomo cha asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma zake mwezi Aprili mwaka huo huo, na haikurudi hadi kikomo kilipopandishwa kuwa asilimia 25. Mtu aweza kuitetea kampuni, maana biashara ni biashara. Ninalotaka lionekane ni nani aliyekuwa na uwezo wa kufunga mlango na kuondoka, na nani aliyebaki na gari la mkopo mlangoni kwake. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba kazi inatangulia mtaji, maana mtaji ni zao la kazi na mtu ndiye mwenye kazi. Betri ni mtaji. Mzee wangu wa kiti cha mbele ni mtu.

Na huko San Francisco, Marekani, yapo magari yanayobeba abiria kwa malipo bila dereva kabisa. Hayo sitayasema sana. Hapa kwetu gari huhitaji watu wawili, dereva na konda, na konda ndiye anayempokea bibi kikapu chake, anayemkumbusha mtoto mahali pa kushuka, na anayejua nani hana nauli leo. Aliye na haraka ya kumwondoa aseme kwanza atamweka wapi.

Kuna jibu ambalo nalijua mapema, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi: kwamba kila kitu kipya huanza kwa wenye uwezo, kisha bei hushuka, kisha humfikia mnyonge, kwa hiyo tuache mahoteli na matajiri waanze na magari yao ya umeme, nasi tutafuata. Kwa simu za mkononi hoja hii ilikuwa na ukweli. Kwa usafiri haina, kwa sababu barabara ni moja, kituo cha umeme ni kimoja, na fedha za serikali ni zile zile. Msamaha wa kodi ukitolewa kwa gari la kifahari la umeme la mtu mmoja, fedha hiyo haikuingia katika basi la watu hamsini. Gari lile likiwa la umeme bado litajaza njia ya Malindi na Darajani kama lile la petroli. Msongamano hauna moshi wala hauna mafuta, ni msongamano tu. Marehemu Papa Fransisko aliligusa jambo hili katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alipozungumzia miji iliyozidiwa na magari yanayobeba mtu mmoja au wawili, akataka usafiri wa umma utangulizwe, tena uwe wa kumheshimu abiria. Nikiwa nimeshonwa katika 502 saa moja ya asubuhi, niliuona waraka ule kuwa umeandikwa na mtu aliyekwisha kupanda daladala. Na kweli, kule Buenos Aires alikuwa akipanda.

Zipo sauti nyingine zinazosema hatuna fedha, basi tusiongee. Hizo nazo hazinitoshi. Kisiwa hiki mwaka 2006 kilipiga marufuku mifuko ya plastiki, wakati ambapo nchi nyingi kubwa zilikuwa bado zikifikiri. Hatukungoja kuwa matajiri kwanza. Tulitumia kile ambacho Mungu alitupa kwa kutufanya kisiwa: bandari. Kinachoingia hupita mlango unaojulikana, na mlangoni mtu huulizwa.

Hapo ndipo pa kuuliza habari za betri zilizokufa. Betri ya gari la umeme haidumu milele. Bajaji nyingi za bei rahisi hutumia betri za risasi, ambazo huchoka baada ya muda si mrefu, na risasi ni sumu inayoingia katika ubongo wa mtoto na kuuharibu. Nani asiyejua yaliyotokea Owino Uhuru, mtaa wa maskini mjini Mombasa? Pale kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi tangu 2007 hadi 2014, moshi wake ukiingia majumbani na maji yake katika mitaro wanamochezea watoto. Bi Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa katika kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mwenyewe aliyekuwa akimnyonyesha amedhurika, akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akaendelea. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya kimataifa ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na shauri likaendelea kupanda kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu. Waliokufa hawakuzisubiri. Mombasa si mbali: ni lugha yetu, upepo wetu, na ndugu zetu. Unguja haina ardhi ya kuficha sumu. Maji yetu ya kunywa yako chini ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na kinachomwagwa juu huteremka.

Kwa hiyo aletaye betri aandikishwe nayo bandarini, nambari kwa nambari, aweke dhamana ya fedha, na airudishe ilikotoka itakapokufa. Asipoirudisha, dhamana ipotee. Hakuna ugumu katika sheria hiyo ila ugumu wa kutokuitaka. Na mlangoni hapo hapo aulizwe pia imetengenezwa kwa nini. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, katika nchi ya Kolwezi na Likasi, ambako watu wazungumzao Kiswahili kama sisi huchimba kwa mikono, na watoto wakiwa miongoni mwao. Zipo betri zisizohitaji kobalti, zinazotumia chuma na fosfeti, nazo hufaa sana kwa mabasi. Tukinunua kwa fedha ya umma tunayo haki ya kuchagua hizo. Hewa safi ya Forodhani isinunuliwe kwa mapafu ya mtoto wa Kolwezi.

Nami ninajua tabia yetu ya kuamini kwamba chombo kipya chenyewe kitatuokoa. Tulikuwa na meli. Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na mamia wakapotea; hata mwaka haujaisha, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Meli si chombo cha kale wala kigeni. Waliohusika na kuhesabu watu hawakuhesabu. Basi la umeme likipakia watu mia, breki zake za kisasa hazitasema “hapana” kwa niaba ya mtu aliyepewa mshahara ili aseme.

Tume yetu haina mabasi ya kutoa. Inayo haki ya kudai, nayo inadai kwa kauli hii. Magari ya kwanza ya umeme yatakayonunuliwa au kusamehewa kodi kwa fedha ya wananchi yapelekwe katika njia za daladala, na njia za mashamba zitangulie zile za mahoteli: Makunduchi, Kizimkazi, Donge, Nungwi, Chwaka. Madereva na makonda waliomo sasa wapewe nafasi ya kwanza ya kufundishwa, wasifukuzwe kisha waitwe wengine. Huko Kenya wenye matatu walikwisha kutakiwa kujiunga katika vyama vya akiba au makampuni ili wasajiliwe. Nasi tunaweza kuanzisha ushirika ambao dereva wa 502 ana hisa ndani yake, na betri ziwe mali ya ushirika huo, si za mtu aliye ng'ambo. Mkopeshaji akatazwe kwa sheria kulizima gari likiwa na abiria, au kabla ya kutoa notisi ya maandishi ya siku zinazojulikana na kumsikiliza mdaiwa. Hata mwenye nyumba hamtoi mpangaji usiku.

Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi wa abiria, wa madereva na wa viongozi wa kisiwa hiki, wana mafundisho yao juu ya riba na juu ya mikataba isiyo wazi, nayo ni makali kuliko yetu. Tungependa kuwasikia katika jambo hili. Imamu na padri wakienda pamoja kwa sheha kuuliza masharti ya mkopo wa basi, sidhani kama patakuwa na ofisi ya kuwafungia mlango.

Na kwa kuwa mikataba ya namna hii huandikwa kwa Kiingereza na kutiwa saini mahali penye kiyoyozi, tunaomba jambo moja lisilogharimu kitu: kabla mkataba wowote wa mabasi ya umeme haujatiwa saini, nakala yake kwa Kiswahili iwekwe siku thelathini katika ofisi ya sheha wa kila shehia ambayo njia itapita, Mtoni ikiwamo, mezani, si kabatini, na kila mwananchi aruhusiwe kuisoma na kuandika neno lake pembeni.

Tume ya Haki na Amani
Mtoni, Unguja